Kitambaa cha nani? Safari ya Paul Cornell katika katuni na televisheni

Mwaka ni 1913, katika shule ya bweni ya wavulana huko mashambani Uingereza. Mjakazi mweusi, ambaye kutwa hupiga magoti kusugua sakafu, amesimama mbele ya muuguzi wa shule, mwanamke wa Kizungu, na amemwambia kwamba anasomea udaktari. Muuguzi hasadiki. Mwanamke kusomea udaktari, sawa, pengine. Lakini si mjakazi, tena si mtu wa rangi kama yake. Yule msichana hapandishi sauti. Anaunyanyua mkono wake na kuanza kuitaja mifupa ya kiganja mmoja baada ya mwingine, safu kwa safu. Muuguzi anamwambia kwamba hayo ameyasoma kitabuni. Ndiyo, anajibu, ili nifaulu mitihani yangu.

Tukio hilo lilirushwa na BBC tarehe 2 Juni 2007, katika tamthilia ya Doctor Who. Msichana ni Martha Jones, akiigizwa na Freema Agyeman. Muuguzi ni Joan Redfern, akiigizwa na Jessica Hynes. Jina la mwandishi linalotokea kwenye skrini ni Paul Cornell.

Cornell alikuwa ameshaiandika hadithi hiyo miaka 12 kabla, ikiwa riwaya. Shule imo, Joan yumo, kivuli cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kimo. Martha Jones hayumo, na hangeweza kuwemo, kwa sababu hakuwa amebuniwa. Mwenzi wa Daktari, shujaa wa Doctor Who, katika riwaya ni mwanaakiolojia wa karne ya 26 aitwaye Bernice Summerfield, aliyebuniwa na Cornell mwenyewe. Hadithi ilipopelekwa kwenye televisheni, Bernice alibaki nje na mhusika wa BBC, Martha, akachukua nafasi yake.

Kazi za Cornell zinawachanganya wengi kwa sababu hii. Ukisoma orodha yake utakuta riwaya, tamthilia za hospitali, Superman, Wolverine, katuni za majaji wa siku zijazo, michezo ya kusikiliza na vitabu vya wachawi wa kijijini, na utadhani ni mtu asiyetulia. Mimi naona orodha hiyo inanyooka mara moja ukiuliza swali ambalo kila fundi cherehani huliuliza kabla ya kushika mkasi: kitambaa ni cha nani? Mteja akija na kitambaa chake, fundi anashona kwa ufundi wake wote, analipwa ujira, nguo inaondoka. Fundi akishona kitambaa chake mwenyewe, hasara ni yake, lakini nguo pia ni yake. Cornell amefanya kazi za namna zote mbili tangu ujana wake, na mara nyingine ameziunganisha katika vazi moja.

Alizaliwa mwaka 1967 katika mji wa Chippenham, jimbo la Wiltshire, na alikuwa shabiki kabla hajawa mwandishi. Doctor Who, hadithi ya msafiri wa wakati ambayo BBC iliianzisha mwaka 1963, ilikuwa chakula cha watoto wa rika lake. Mwishoni mwa 1989 BBC iliacha kuitengeneza. Mashabiki waliachwa na kiu, na kiu hiyo ikazaa majarida madogo waliyoyachapa wenyewe na kupeana kwa posta. Cornell aliandika humo. Baada ya hapo kampuni ya Virgin ilipata leseni ya kuchapisha riwaya mpya za Doctor Who, na ikafanya jambo ambalo wachapishaji wakubwa hawalipendi: ikawa tayari kusoma miswada ya watu wasiojulikana. Cornell alichukua hadithi aliyokuwa ameiandika kwenye jarida la mashabiki, akaisuka upya, na mwishoni mwa 1991 ikatoka kama riwaya ya nne katika mfululizo huo.

Mwaka uliofuata, katika riwaya ya Love and War, alimleta Bernice. Ni mwanamke wa makamo ya ujana, msomi mwenye mdomo mwepesi, mpenda kinywaji, mwandishi wa shajara ambazo huzibandika karatasi juu ya karatasi anapobadili mawazo. Daktari, mwenye dunia yake, ni mali ya BBC. Bernice ni wa Cornell.

Hapa panahitaji maelezo, maana hata Waingereza wengi hawapajui. Kwa desturi ya mikataba ya BBC, mwandishi wa kujitegemea anayebuni mhusika au kiumbe kwa ajili ya kipindi hubaki na haki katika alichokibuni, hata kama kipindi chenyewe ni cha BBC. Mfano mkubwa ni Daleki, vile viumbe vya chuma vinavyopiga kelele za kuua. Hadithi yao ya kwanza iliandikwa na Terry Nation, mwandishi wa kujitegemea, naye akachuma utajiri kila sanamu ya Daleki ilipouzwa madukani. Umbo lao, lile ambalo kila mtoto wa Uingereza anaweza kulichora, lilibuniwa na Raymond Cusick. Yeye alikuwa mwajiriwa wa BBC. Hakupata mrabaha. Watu wawili, kiumbe kimoja, mikataba miwili tofauti. Virgin nayo iliwaachia waandishi wake haki za wahusika waliowabuni, na ndiyo maana Bernice aliweza kuhama.

Akahama kweli. Mwaka 1997 leseni ya riwaya za Doctor Who ilirudi mikononi mwa BBC. Virgin ilibaki na mfululizo usio na Daktari, bila chombo chake cha kusafiria, bila hata jina lake. Ilichokuwa nacho ni Bernice. Ikaendelea kuchapisha vitabu vyake yeye peke yake, na cha kwanza kiliandikwa na Cornell. Mwaka 1998 kampuni changa iitwayo Big Finish, iliyotamani kutengeneza michezo ya kusikiliza ya Doctor Who lakini haikuwa na leseni, ilianza kwa kuomba ruhusa ya kumtumia Bernice. Sauti yake ikawa ya Lisa Bowerman, mwigizaji ambaye alikuwa ametokea katika hadithi ya mwisho ya Doctor Who ya 1989. Big Finish ikaonyesha kwamba inaiweza kazi, na mwaka 1999 ikapewa leseni yenyewe. Mamia ya michezo imetoka tangu hapo. Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mhusika mmoja ambaye mwandishi wake hakuwa amemuuza.

Riwaya ya shule ya bweni, Human Nature, ilitoka 1995. Daktari anajigeuza binadamu wa kawaida, anasahau kwamba aliwahi kuwa mwingine, anakuwa mwalimu John Smith, na anampenda Joan. Muhtasari wake Cornell aliusuka pamoja na Kate Orman wa Australia. Kumbukumbu za Daktari zimehifadhiwa katika kitu kidogo ambacho mvulana mmoja anakiokota: katika riwaya kinafanana na mpira wa kriketi, katika televisheni ni saa ya mfukoni. Mabadiliko hayo ni madogo lakini yanatufundisha kitu kuhusu vyombo viwili. Saa inafunguka na kufungwa. Inatoa mlio. Kamera inaweza kuisogelea mpaka mtazamaji aogope kidole kikigusa kifuniko chake. Mpira hauna cha kufungua.

Na Martha? Katika riwaya, mwenzi wa Daktari ni Mzungu mwenye elimu, anayeweza kupita mitaani mwaka 1914 bila kuulizwa. Martha hana njia hiyo. Ili abaki karibu na Daktari inambidi avae sare ya mjakazi, na mvulana mmoja anamkejeli kwa rangi ya mikono yake. Kubadilisha mtu mmoja kukaipa hadithi ileile jeraha jipya. Naamini hapo ndipo kushona kitambaa cha mtu mwingine kulimnufaisha Cornell: wahusika aliopewa walimlazimisha kuiangalia shule yake ya zamani kutoka sakafuni.

Lakini tusiruke miaka. Kati ya riwaya na televisheni kuna muongo mzima wa kazi ya kutafuta mkate. Aliandika tamthilia za vijana, kisha za hospitali, zikiwemo Casualty na Holby City, ambazo kwa mwandishi wa Uingereza zilikuwa ndizo shule ya ufundi: dakika zimepimwa, wahusika si wako, mgonjwa lazima apone au afe kabla ya taarifa ya habari. Huko ndiko mwandishi anajifunza kukabidhi mswada kwa tarehe iliyopangwa.

Mwaka 2003 ukamletea bahati na pigo kwa pamoja. BBC ilimpa kazi ya kuandika hadithi mpya ya Doctor Who ya vibonzo, itakayoonyeshwa kwenye intaneti, huku Richard E. Grant akitoa sauti ya Daktari wa tisa (Daktari hubadilika sura, na kila sura mpya huhesabiwa). Ilikuwa hadithi rasmi, si ya mashabiki. Mwezi Septemba mwaka huohuo, kabla haijaonyeshwa, BBC ikatangaza kwamba Doctor Who inarudi kwenye televisheni ikiongozwa na Russell T Davies. Hadithi ya Cornell ilipotoka mwezi Novemba, sehemu sita, ilikuwa imekwisha kupitwa. Daktari wa tisa anayekumbukwa ni Christopher Eccleston. Daktari wa Cornell akabaki pembeni kama mtoto wa mke aliyeachwa, hana kosa lolote.

Davies, hata hivyo, alimkumbuka. Msimu wa kwanza wa kurudi, 2005, alimpa sehemu moja, na Cornell akaandika Father's Day. Rose Tyler, mwenzi wa Daktari, anaomba apelekwe mwaka 1987, kwenye siku ambayo baba yake, Pete, aligongwa na gari, ili asife peke yake. Badala ya kumshika mkono, anamsukuma asigongwe. Baba anapona, na dunia inaanza kupasuka. Cornell alimchora Pete akimfikiria baba yake mwenyewe, mtu aliyejaribu kazi na biashara nyingi. Kila ninapoitazama namwangalia Pete na chombo cha maua. Alikuwa amekinunua kama zawadi ya harusi, na ndicho alichokuwa amekishika alipogongwa. Baadaye, watu wakiwa wamejificha kanisani, analiona lile gari likitokea na kupotea nje, likizunguka, likimtafuta mtu wake wa kugonga. Hakuna anayemwambia. Analijumlisha mwenyewe. Anamuaga binti ambaye amemjua kwa saa chache tu, anakichukua chombo chake, anakimbilia barabarani.

Hadithi hiyo haina vita. Ina kanisa, gari moja na chombo cha maua. Iliteuliwa kuwania Hugo ya 2006, tuzo kubwa ya hadithi za kubuni za kisayansi, na ile ya shule ya bweni ikateuliwa 2008.

Katika televisheni ya aina hii, jina lililo kwenye skrini halimaanishi kwamba kila neno ni la mwenye jina. Mwandishi mkuu wa msimu hupanga safari nzima ya wahusika, huomba marekebisho, na mara nyingine huandika upya mwenyewe ili sauti ya kipindi isipotee. Davies alijulikana kwa kufanya hivyo. Kwa hiyo ukitaka kupima mchango wa Cornell usihesabu mistari. Angalia kinachobaki baada ya kila mtu kupitisha kalamu yake: mtu mpole, mahali padogo, na uchaguzi ambao hauna njia ya kuukwepa. Hicho kimo katika kila kazi yake, hata zile za mashujaa wenye mapanga.

Upande wa katuni alianza mapema, miaka ya 1990, katika majarida ya nyumbani. Kwa jarida la Judge Dredd alishirikiana na mchoraji Siku, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, kwenye hadithi ya majaji wa Afrika ya siku zijazo. Wengi humsahau Cornell humo, na sioni ajabu. Katuni za Uingereza kwa miaka mingi zilimlipa mwandishi kwa ukurasa na kuchukua kila kitu, na hata majina ya waandishi na wachoraji yalikuwa yakifichwa mpaka jarida la 2000 AD lilipoanza kuyachapa.

Marekani hali ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Mwaka 1938 vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimuuza Superman kwa dola 130. Tangu wakati huo mwandishi anayeingia Marvel au DC, kampuni mbili kubwa za katuni, anajua kwamba kile anachobuni ndani ya nyumba ile ni cha nyumba. Anaweza kupata mgawo mhusika akiuza, lakini mwenye ufunguo si yeye.

Cornell aliingia Marvel mwaka 2006, na mwaka 2008 akapewa Captain Britain, shujaa aliyevaa bendera, aliyebuniwa mwaka 1976 kwa ajili ya soko la Uingereza. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Ukimfanya shujaa wa taifa awe wa zamani sana, anageuka sanamu ya ufalme. Ukimwondolea zamani, hana maana. Cornell na mchoraji Leonard Kirk walitatua hilo kupitia mtu wa pembeni: Faiza Hussain, daktari kijana kutoka Chelmsford, Mwislamu mwenye asili ya Pakistan, anayevaa hijabu, na ambaye ni shabiki mkubwa wa mashujaa kama Cornell alivyokuwa shabiki. Viumbe kutoka anga za mbali wanaivamia Uingereza wakitaka uchawi wake. Faiza anajeruhiwa na silaha yao akiwatibu majeruhi, anapata uwezo wa kuufungua mwili wa mtu kama kitabu bila kumuumiza, na katika toleo la nne anauvuta upanga wa Mfalme Arthur kutoka kwenye jiwe.

Watoto wa Uingereza hufundishwa kwamba upanga ule humtambua mrithi wa kweli wa nchi. Kumkabidhi binti wa wahamiaji, miaka mitatu tu baada ya mabomu ya London ya Julai 2005, wakati magazeti yakiuliza kila siku kama Waislamu ni Waingereza kamili, halikuwa jambo jepesi. Na Faiza hatoi hotuba. Anashtuka, kama ambavyo yeyote angeshtuka.

Mfululizo ulisifiwa, mauzo hayakutosha, ukafungwa baada ya matoleo 15. Kitabu chake cha mwisho kiliteuliwa kuwania Hugo ya 2010. Cornell akaondoka, Faiza akabaki. Mwaka 2015 Mwingereza mwingine, Al Ewing, aliandika hadithi fupi ambamo Faiza mwenyewe ndiye Captain Britain. Cornell hakuwa na haki ya kukataa wala hakuhitajika kuombwa. Binti alikuwa ameolewa mbali.

DC ilimpa kazi ya ajabu zaidi. Kuanzia 2010 aliandika Action Comics, jarida alimozaliwa Superman, katika kipindi ambacho Superman mwenyewe hakuwemo. Akamweka adui, Lex Luthor, katikati, na kumwacha aendeshe safari ya uchoyo mpaka jarida likafikia toleo la 900. Kumfanya msomaji afuatane miezi na mtu asiyempenda ni ufundi, na Cornell alijua siri yake: Luthor hajioni mbaya hata dakika moja. Baadaye alirudi Marvel kuandika Wolverine. Hayo nayapita haraka. Ni mavazi mazuri ya kitambaa cha wateja.

Cha kwake kilikuwa Saucer Country. Kilianza 2012 katika Vertigo, tawi la DC ambalo mikataba yake iliwaachia waandishi na wachoraji sehemu kubwa ya haki zao. Gavana wa New Mexico, Arcadia Alvarado, anataka kugombea urais wa Marekani, na anaamini kwamba usiku mmoja alitekwa na viumbe kutoka anga za mbali. Hawezi kumwambia mpiga kura. Hawezi pia kunyamaza. Ni mwanamke mwenye asili ya Mexico, na Cornell aliuliza kwa uzito wote: nani huaminiwa akisimulia kilichompata usiku? Ryan Kelly alichora. Hugo ikaiteua tena, 2013. Mwaka huohuo Vertigo ikaisitisha kwenye toleo la 14, hadithi ikiwa njiani.

Kama ingekuwa Captain Britain, ingeishia hapo, au ingesubiri nyumba imtafute mwandishi mwingine. Lakini Cornell na Kelly waliubeba mzigo wao mpaka kwa mchapishaji mwingine, IDW, na mwaka 2017 hadithi ikaendelea kwa jina jipya, Saucer State, mwandishi yuleyule, mchoraji yuleyule, na Arcadia Alvarado sasa akiwa Rais.